Ufundi wa Nyumbani: Pampu ya Birika na Kisima Chetu

Juma lililopita niliahidi kuwaeleza habari za kumfunza ng'ombe kukokota jembe, lakini leo naomba radhi, jembe lingoje kidogo. Nina deni jingine. Sharti niwaeleze jinsi pampu ndogo ya kuchezea, iliyoundwa kwa birika la chai na kipande cha bomba, ilivyonifunza jambo ambalo nilipaswa kulijua tangu nilipokuwa chuo cha ualimu, na jinsi kutolijua kwangu kulivyotaka kumfukuzisha kijana wa watu kijijini.

Kwanza kisima. Ninyi mnaokaa huku kwetu Singida mwajua taabu ya maji. Mvua zaanza mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, zakoma mwezi wa nne, na baada ya hapo ni jua na upepo mpaka nyasi zigeuke vumbi. Kisima chetu kilichimbwa kwa mkono na kujengewa matofali. Mwaka jana kila nyumba ilitoa shilingi 10,000, tukanunua pampu ya petroli, ile ndogo ya kubebwa na watu wawili. Tukaiweka juu, mdomoni mwa kisima, kwenye jukwaa la saruji. Ilikuwa mwezi wa nne. Injini ikanguruma, maji yakatoka kwa nguvu, akina mama wakapiga vigelegele, nami nikaandika katika daftari la kamati kwamba kazi imekwisha.

Ufunguo wa kibanda tulimpa kijana mmoja fundi baiskeli, maana ndiye ajuaye mambo ya injini. Basi mwezi wa nane maji yakaanza kutoka kwa kikohozi. Mwezi wa tisa yakakatika kabisa. Injini yanguruma kama kawaida, maji hakuna. Kijana akaifungua, akasafisha, akabadili mpira, akaijaza maji ya kuianzisha kama ilivyo desturi, lakini wapi! Mwajua watu. Haikupita juma moja habari zikazagaa kwamba ameuza vyuma vya ndani mjini na kutia vya bandia.

Tukafanya kikao. Mimi ni karani wa parokia, na kwa kuwa nilisomea ualimu watu bado waniita mwalimu, basi kila kamati hunifanya katibu. Wazee wakaamua kijana arudishe fedha au aondoke. Yeye hakugombana na mtu. Alinigeukia akasema, "Mwalimu, andika na hili: pampu ni nzima." Sikuliandika. Niliandika tu kwamba anatuhumiwa kubadili vyuma vya pampu, na kwamba amepewa miezi miwili.

Sasa nije kwenye birika.

Nina mpwa wangu akaaye nasi, yuko darasa la sita. Siku moja alirudi na kitabu chenye picha ya mashine za mvuke, akasema, "Mjomba, nataka kutengeneza injini ya kuvuta maji." Nikamwambia injini si mchezo, mvuke ukifungiwa hupasua chuma na kuua watu. Lakini nikakumbuka kwamba iko mashine moja ya zamani sana ambayo haina pistoni wala gurudumu, nayo yaweza kufanywa bila kuufunga mvuke. Mwingereza mmoja, Thomas Savery, aliipatia hataza mwaka 1698 ili kukausha maji katika migodi. Akiba ya nguvu yake ni hii: mvuke ukipoa hurudi kuwa maji, na maji hayo ni kidogo mno kuliko nafasi uliyoijaza mvuke. Debe zima la mvuke likipoa halitoi hata kijiko kimoja kikubwa cha maji. Basi ndani ya chombo hubaki utupu, na maji ya chini hupanda kuujaza.

Kama wewe nawe una kijana msumbufu wa namna hii, nakueleza tulivyofanya, pamoja na makosa yetu yote, maana makosa ndiyo yaliyotufunza.

Jaribio la kwanza tulitumia kopo la rangi. Tukalijaza mvuke kutoka kwenye birika, tukaziba, nikamimina maji baridi juu yake. Mara, pwaa! Kopo likafinyangika kama karatasi mkononi. Mpwa wangu alikimbia mpaka jikoni. Akauliza, "Nani amelipiga?" Swali zuri. Hakuna aliyelipiga ila hewa. Sisi twaishi chini ya bahari ya hewa, nayo ina uzito, hutusukuma kila upande mchana na usiku, wala hatuisikii kwa kuwa na ndani yetu imo. Kopo lilipokuwa tupu ndani, hewa ya nje ikalibana. Tafadhali likumbuke kopo hili.

Tukapata kipande cha bomba la chuma la inchi 2, urefu futi 1, lenye vizibo vya kukaza kila upande. Hicho ndicho kikawa chumba chetu, tena hakifinyangiki. Juu tukaunga mpira mfupi utokao kwenye mdomo wa birika, na katikati tukatia koki. Ubavuni tukaunga mpira wa kuvutia maji. Nilitumia ule mpira mweupe wa waashi, wa kupimia usawa wa msingi, kwa sababu huonyesha maji yaliyo ndani. Chini yake, ndani ya ndoo, tukaweka kilango, yaani mlango unaoruhusu maji kupanda na kuyazuia yasirudi. Kilango chetu kilikuwa gololi ya kioo ya watoto iliyokaa juu ya tundu la bomba dogo. Pa kutokea maji tuliweka ulimi wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, ambao hufunguka kwa nje tu.

Jambo moja la hatari nalisema hapa wala silirudii: kifuniko cha birika kiwe legelege. Kisifungwe kwa waya, kisiwekewe jiwe, kisilehemiwe. Mvuke ukizidi ukinyanyue utoke. Savery mwenyewe alisumbuliwa na jambo hili, kwa kuwa alitaka mvuke wenye nguvu nyingi wa kuyasukuma maji juu, na viungo vya mashine yake havikuweza kustahimili. Sisi hatukutaka nguvu, tulitaka mvuke upoe tu. Tena mtoto asiachwe peke yake na maji ya moto.

Haya, tukawasha moto. Mvuke ukaingia, tukafunga koki, tukamwagia chumba maji baridi. Kimya. Maji hayakupanda hata inchi moja.

Tulihangaika jioni tatu. Jioni ya kwanza tuligundua kwamba viungo vyavuta hewa. Kiungo kinachopitisha hewa kwenda ndani hakilii wala hakitoi tone, kwa hiyo huwezi kukiona. Tukafanya kama afanyavyo fundi wa pancha: tukaziba matundu yote, tukapuliza kwa pampu ya baiskeli, tukakizamisha chumba ndani ya beseni, na mapovu yakatuonyesha. Tukazungushia katani na rangi kwenye nyuzi za vizibo, tukakaza.

Jioni ya pili kosa lilikuwa langu mimi niliyesoma. Ule ulimi wa kutokea nilikuwa nimeuweka juu, karibu na mahali mvuke unapoingilia. Mvuke ni mwepesi kuliko hewa, basi uliingia juu ukatokea juu, na hewa ikabaki imetulia chini kama mgeni asiyejua kuaga. Hewa haipoi ikawa maji, kwa hiyo utupu haukupatikana. Tukauhamishia ulimi chini kabisa. Hapo mvuke ukaanza kuisukuma hewa kwa chini, hata tukauona mvuke wenyewe unatoka pale kwenye ulimi, ndiyo alama kwamba hewa imekwisha.

Jioni ya tatu ilikuwa gololi. Ilikaa vibaya juu ya tundu lake, chembe ya mchanga yatosha kuinyanyua. Tukalisugua tundu kwa gololi yenyewe, kwa mafuta na mchanga laini sana, tukiizungusha kama mtu anayesaga, mpaka likapata umbo lake. Tukasafisha. Tukawasha moto tena, mvuke ukatoka chini, nikafunga koki, mpwa wangu akamimina maji baridi.

Msomaji, maji yalipanda katika ule mpira mweupe kama nyoka anayekimbilia shimoni! Yakaingia chumbani kwa mlio. Nilipofungua koki, yakashuka yakatoka kwa ulimi, kikombe kimoja na nusu. Mke wangu aliyekuwa akituona wajinga kwa siku zote hizo alikuja kutazama, akasema, "Haya, sasa nirudishieni birika langu." Hatukumrudishia.

Tangu hapo mtoto hakutaka kulala. Kila ukifunga na kufungua koki, kikombe kimoja na nusu. Tukaiweka juu ya meza, ikavuta. Tukaiweka juu ya paa la banda la kuku, ikavuta. Ndipo akasema, "Mjomba, twende kwenye mawe."

Nyuma ya parokia yetu yako mawe makubwa kama yalivyo mahali pengi pa Singida, yamepandana kama yaliyopangwa na mtu. Tukapanda na moto wetu katika jiko la mkaa, ndoo ikabaki chini, mpira ukaning'inia. Futi 10, maji yakapanda. Futi 20, yakapanda, lakini kwa uvivu, ikatubidi kurudia mara kadhaa, kwa kuwa kila mara yalisogea kidogo na gololi ikayashikilia pale yalipofika. Tukapanda jiwe la juu, futi 25. Tukarudia mara tano, mara sita, mara kumi. Maji yalifika mahali, yakasimama. Yalitetemeka kidogo pale pale, wala hayakupita. Mpwa wangu alimimina ndoo nzima ya maji baridi juu ya chumba. Hayakupita. Tukapima kwa kamba kutoka ndooni: futi 22 na kitu. Asubuhi ya pili, kwa ule ubaridi wetu wa alfajiri, yalipanda kama futi moja zaidi, yakasimama tena.

"Imeharibika?" akauliza. Nikamjibu hapana, ni nzima. Nilipotamka neno hilo, moyo ulinipiga. Nilikuwa nimelisikia kwa mtu mwingine.

Sababu ni lile kopo la rangi. Pampu ya kuvuta haivuti kitu. Hutoa hewa ndani tu, na hewa ya nje inayokandamiza maji kisimani ndiyo iyasukumayo maji juu. Mwitalia Galileo aliandika mwaka 1638 kwamba pampu haivuti kupita kimo fulani, kama mita 10 hivi, na mwanafunzi wake Torricelli akaonyesha miaka michache baadaye kwamba ni uzito wa hewa unaopimana na uzito wa maji. Pale Tanga au Dar es Salaam, pwani, hewa yaweza kusimamisha maji mita 10 na kidogo, basi. Lakini sisi huku tuko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na bahari yetu ya hewa ni pungufu. Ndiyo maana hata maji ya chai huchemka kwetu kabla ya kufika nyuzi 100, kwenye nyuzi 95 hivi. Hewa ya Singida yaweza kusimamisha maji kama mita 8 na nusu, yaani futi 28. Hicho ni kipimo cha pampu isiyo na kasoro yoyote. Toa joto la chumba, toa kijihewa kinachopenya, toa msuguano wa mpira, wabaki na futi 20 hivi. Hata pampu ya dukani ya petroli, iwe mpya namna gani, iwe na nguvu za farasi ngapi, haiwezi kuishinda hewa. Savery naye alilazimika kuishusha mashine yake ndani ya mgodi ili iwe karibu na maji.

Hayo yote yamo katika vitabu vya shule, nami niliyajibu katika mtihani nikapata alama nzuri.

Nikachukua kamba na jiwe, nikaenda kisimani jioni ile ile. Kutoka jukwaani hadi usoni pa maji: futi 37. Nikamwuliza mama mmoja mzee aliyekuwa akiteka kwa ndoo, mwezi wa nne kamba yake ilikuwa ya urefu gani? Akanionyesha fundo. Nikapima: futi 16. Maji yalikuwa yameshuka futi 21 kwa kiangazi, na sisi tukamhukumu mtu.

Jumapili baada ya ibada niliomba kamati na watu wote wapite kwenye mawe. Mwenyekiti wetu, mzee wa heshima, hakupenda kupandishwa mawe kwa ajili ya birika, lakini alikuja. Tukaonyesha futi 10, kila mtu akaona maji. Tukaonyesha futi 25, kila mtu akaona yakisimama. Nikaeleza, nikaeleza tena kwa Kinyaturu. Yule mama mzee wa kamba ndiye aliyefahamu mbele ya wengine. Akasema, "Mwanangu karani, kumbe mwizi ni kiangazi." Watu wakacheka. Kijana fundi alikuwa amesimama mbali, hakucheka.

Hapo akatokea mtu akasema basi dawa ni rahisi, tujenge kibao ndani ya kisima, tuishushe injini mpaka futi 20 kutoka majini. Wengi wakaitikia. Msomaji, nakusihi ulishike neno hili hata kama mengine yote utayasahau. Usishushe injini ya petroli wala ya dizeli kisimani hata kwa dakika tano. Moshi wake una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na ndani ya kisima haina pa kwenda. Mtu akishuka kuitazama huanguka, na anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Watu wamekufa hivyo wawili watatu kwa mara moja. Bahati njema kijana wetu mwenyewe ndiye aliyelikataa shauri hilo kwanza, kabla yangu.

Tulilofanya ni hili. Pampu ya petroli tumeihamishia lambo la chini, ambako kutoka maji hadi ukingoni ni futi 8, nayo yanyweshea bustani za mboga bila kukohoa. Kisimani tumeweka pampu ya kamba. Hiyo haivuti kwa hewa, bali huyapandisha maji yenyewe: kamba yenye vipande vya mpira hupita ndani ya bomba la plastiki, ikizungushwa na gurudumu juu, na kila kipande cha mpira hubeba maji yake. Hata mita 30 yafika. Ilienezwa sana huko Nikaragua tangu miaka ya 1980, na kwetu Tanzania mafundi wengi wa vijijini wamefundishwa kuitengeneza na shirika la SHIPO la Njombe. Aliyeitengeneza yetu ni kijana yule yule. Alikwenda kutazama moja iliyokuwa ikifanya kazi, akarudi akakata vipande vyake kwenye matairi mabovu. Watoto wa darasa la tatu huizungusha bila shida.

Kabla hajaanza kazi hiyo nilimwendea nyumbani kwake, nikiwa na daftari. Nilimwomba msamaha mbele ya mama yake. Alitaka kuona nilichoandika siku ile ya kikao, nikamwonyesha. Akasoma polepole. Kisha akasema, "Usikifute, mwalimu. Andika chini yake." Nikaandika pale pale, akiniangalia, tarehe, na vipimo vya kamba vyote viwili, na maneno yake aliyoyasema mwezi wa tisa kwamba pampu ni nzima. Mwenyekiti alitia sahihi siku ya pili.

Birika limerudi jikoni, lakini mdomo wake umekuwa mweusi na mke wangu adai jipya. Juma lijalo, Mungu akipenda, nitaeleza namna ya kukata vile vipande vya mpira vya pampu ya kamba, kwa maana vikibana mno gurudumu halizunguki, na vikilegea maji hurudi kisimani. Jembe na ng'ombe wake watangoja tena.